Mzee wa Spana Anajibu: Land Rover ya babu, binti wa miaka 15 na ile tochi

Toleo hili nina barua nne tu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana mwenye barua ana gari bovu, ana mtoto mwenye hamu na ana haraka, na haraka ndo inayonitia wasiwasi kuliko ubovu wa gari.

SWALI: Mzee salaam. Mimi niko Moshi. Marehemu baba ameacha Land Rover pikapu ile ndefu, imekaa chini ya mparachichi kule nyumbani Machame tangu 1999. Enzi zake ilikuwa inabeba kahawa na ndizi, na siku ya harusi inabeba watu. Mzee alikuwa anasema ni ya mwaka 1964 na kadi ninayo inasema 1964 vilevile. Injini ni ya petroli ila imeshikana haizunguki kabisa. Sasa binti yangu ana miaka 15, likizo iliyopita alienda kuipiga picha picha akarudi akaniambia baba tuifufue hii gari, mzee nilifurahi kama nimepewa kiwanja. Nimepanga Desemba tuanze na tumalize, fundi wa rangi nimeshampata, nataka ile kijani yake. Grili ya mbele ni ya plastiki imevunjika pembeni, saa ya spidi na ya mafuta ziko mbele ya dereva bado nzima. Nianzie wapi, na binti nimpe kazi gani ndogo ndogo anazoweza?
Baba wa Binti, Moshi

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa mzee na hongera kwa binti. Huyo fundi wa rangi mwambie asubiri, na akikuomba advansi usimpe, tutarudi kwake baadaye.

Kuna kitu kwenye barua yako kimenifanya nitafute miwani nisome tena. Unasema kadi ni ya 1964, alafu hapohapo unasema grili ni ya plastiki na saa ziko mbele ya dereva. Hivyo vitu haviendi pamoja. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, Series II, yaani toleo la pili, ikaja 1958, IIA ikaja 1961, na hizo zote saa zake ziko katikati ya deshibodi na grili ni wavu wa chuma, ule ambao watu walikuwa wanaung'oa wanachomea nyama (msiniulize nimejuaje). Grili ya plastiki na saa kuhamia mbele ya dereva ni Series III, na Series III imeanza 1971 ikaisha 1985. Kwa hiyo gari unayonielezea haiwezi kuwa imezaliwa 1964, labda kama kuna mtu aliihamishia uso na deshibodi ya nyingine.

Simaanishi marehemu alidanganya. Wazee wengi walikuwa na moja wakauza au ikafa wakachukua nyingine, kadi ya kwanza ikabaki kwenye sanduku ya pili ikapotea, na miaka ikapita hadithi zikaungana zikawa gari moja. Lakini wewe usinunue hata plagi kabla hujajua, maana unaweza ukafufua gari ambayo kwa makaratasi si yako. Na hapa ndo kazi ya kwanza ya binti, na wala si ndogo: mpe brashi ya waya, kitambaa na chaki, aende upande wa kulia mbele, kwenye chasisi pale springi ya mbele inaposhikwa, namba ya chasisi imegongwa hapo kwenye chuma. Asugue taratibu asije akaila na namba yenyewe, apake chaki, afute juu juu, chaki itabaki ndani ya michoro ya namba na itasomeka. Kuna na kibati cha namba kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva, mafundi wengine wanauita faya woli. Apige picha zote mbili alafu mkae mezani na kadi mlinganishe herufi kwa herufi. Zikilingana, hongera. Zisipolingana, kachukue makaratasi ya mirathi uende TRA, na hata zikilingana TRA utaenda tu maana aliyeandikwa kwenye kadi hayupo tena na lazima gari ihame jina. Cha kushukuru ni kwamba ile road license ya kila mwaka ilifutwa 2017, hiyo kero haipo tena.

Kazi ya pili ni sumaku. Toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu umpe binti azunguke nayo gari zima na daftari. Atakuta maajabu: boneti haishiki, mabawa hayashiki, ubavu haushiki, kwa sababu bodi ya Land Rover ni alumini. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza chuma kilikuwa cha mgao na alumini ilikuwepo, ndo wakaitumia, na ndo maana gari ya mzee imekaa kwenye mvua ya Machame zaidi ya miaka ishirini na kwa mbali bado inaonekana gari. Lakini chasisi ni chuma. Ule ukuta wa injini ni chuma. Fremu za milango ndani ya ile alumini ni chuma. Hapo sumaku lazima inase, na pakitokea mahali pa chuma ambapo sumaku inateleza, ujue kuna fundi wa zamani aliziba tundu kwa puti akapiga rangi akala hela ya mzee. Binti aweke alama ya chaki kila mahali pa hivyo.

Alafu achukue nyundo ndogo agonge chasisi kuanzia mbele mpaka nyuma, kwa chini. Chuma kizima kinalia kama kengele, kilichooza kinajibu pu kama unagonga gogo lenye mchwa. Asisahau lile boriti la nyuma kabisa linalobeba tela, ile mikono inayotoka pembeni ya chasisi kuja kushika ukuta wa injini, na juu ya chasisi chini ya tenki, maana hapo matope yanakaa na unyevu miaka yote hakuna anayeosha. Kuta za sehemu ya miguu ya dereva na abiria ndo zinaoza kuliko zote, nyanyua mati uone kama huoni majani. Na kabla hajaingia chini kabisa mwangalie nyuki, si utani, chasisi ya Land Rover iko wazi ndani kama mzinga na gari iliyokaa shamba miaka hiyo yote nyuki hawajaikosa kuiona.

Sasa unaelewa kwa nini nimemsimamisha fundi wa rangi. Ukipaka kijani leo, mwakani unakata chasisi, moto wa kuchomelea unaunguza rangi, unalipa mara mbili. Mpangilio ni chasisi na ukuta wa injini, breki, injini, umeme, na rangi ndo ya mwisho, hata kama inauma. Na huyo wa rangi siku yake ikifika muulize swali moja tu, alumini unaipaka nini kwanza? Akikwambia msasa na rangi basi, tafuta mwingine, maana alumini inataka praima yake ya kung'ata la sivyo rangi inavuliwa na mvua kama ganda la yai. Kijani halisi mtaipata chini ya viti au nyuma ya deshibodi ambapo jua halijafika, binti apasafishe kipande kidogo mkalinganishe hapo.

Injini iliyoshikana usiivute kwa trekta, nakuomba. Najua kuna shemeji atakuja na hilo wazo. Toeni plagi zote nne, mmimine kwenye kila silinda mafuta ya gia ya otomatiki yaliyochanganywa na dizeli, vijiko vichache tu, alafu muache siku nne tano, wiki ikiwezekana, mkiongeza kidogo kidogo. Mvue na kifuniko cha tepeti (vile vinavyosukuma valvu) muangalie kama kuna valvu imekwama. Baadaye mchukue hendeli, hiyo gari ina tundu lake kwenye bampa ya mbele, gia iwe huru, plagi ziwe nje, mjaribu kwa nguvu ya mkono tu, mbele kidogo nyuma kidogo. Siku ikisogea hata robo mzunguko mtapiga kelele mpaka majirani waje. Hapo ndo mmwage oili ya zamani yote, na petroli iliyobaki kwenye tenki muitoe yote, imeshakuwa gundi, tenki liko chini ya kiti. Kichujio cha hewa fungueni polepole, panya wanapenda sana mle.

Ikifika kuiwasha, plagi ziachane milimita 0.75, pointi za distribyuta (ile inayogawa umeme kwa plagi) 0.35 hadi 0.40, tepeti 0.25 zote za kuingiza na za kutoa, na mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-3-4-2. Binti aandike hizo namba kwa kalamu ya wino kwenye boksi, mlitundike ukutani. Mtoto wa kidato cha pili akishika fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) akasikia 0.25 inavyokwama kidogo kwenye tepeti, mwalimu wake wa fizikia atashangaa.

Spana. Usiende na spana zako za milimita za Toyota, hiyo gari ni ya inchi. Nunua 7/16, 1/2 na 9/16 kwanza, zinafungua karibu nusu ya gari. Watu wanatumia 13 kwenye nati ya nusu inchi kwa sababu inaingia, ndiyo inaingia, nusu inchi ni milimita 12.7, inaingia ikilegea, nati yenye kutu inageuka duara, mnahamia kwenye patasi, heshima ya gari inaishia hapo. Spea kwa bahati unakaa jirani na Arusha, mji ambao Oktoba 2024 ulijaza Land Rover barabarani kwenye tamasha lake, mafundi wa Unga Limited wanazijua kama watoto wao. Dar kuna Gerezani, na kama una ndugu Nairobi mwambie apite Kirinyaga Road.

Breki nitakwambia jambo moja nililoliona mara nyingi sana. Usiweke oili yoyote tofauti na mafuta ya breki yenyewe, watu huku wanaongezea haidroliki ya trekta au oili ya injini ilimradi pedali ipande, raba zinavimba zote kuanzia masta silinda mpaka mguu wa mwisho na siku ya mteremko ndo unajua. Kwa gari iliyolala toka 1999 badilisha raba zote na zile hozi tatu za raba, mbili za mbele na moja ya kwenye ekseli ya nyuma, usizikague, badilisha tu.

Haya, sasa swali lako la kazi ndogo ndogo. Hilo neno limenichoma na ntakwambia kwa nini.

Mi nilikuwa na Series IIA fupi na nilikuwa na binti, miaka kumi na nne. Jioni nikitoka kazini namwita, njoo tufanye gari, anakuja mbio. Nikampa tochi. Mwaka mzima ameshika tochi. Mulika hapa, mulika pale, aah unamulika wapi wewe, lete spana si hiyo nyingine. Nilikuwa nawaambia watu kwa kujisifu kabisa kwamba natengeneza gari na mwanangu. Siku moja akaiweka tochi juu ya bawa la gari, ikiwa inawaka, akaenda kusuka nywele, na hakurudi tena. Mi niko chini ya gari naita, mulika basi, mulika, kumbe naongea peke yangu na tochi. Leo ana watoto wake, na kila nikimwomba kitu anajibu, nikushikie tochi mzee?

Kwa hiyo usimpe kazi ndogo, mpe kitu kizima. Mwambie distribyuta ni yako. Au kabureta ni yako. Au mguu wa mbele kushoto ni wako, kuanzia nati ya rimu mpaka beringi. Yeye afungue, yeye apige picha kabla ya kufungua, yeye apange vipande kwenye trei kwa mpangilio, yeye asafishe, yeye atafute kwenye manyuali, yeye afunge, na we ndo ushike tochi. Akifunga vibaya mwache. Kabureta ikivuja aone inavuja, afungue tena, atakuta gasketi ameigeuza. Ukimnyang'anya spana dakika hiyo kwa sababu we unajua na unaona inachelewa, umeshamrudisha kwenye tochi. Kitu pekee cha kuingilia ni hatari na hayo nimeyaeleza kwenye barua inayofuata, yasome na wewe.

Na Desemba hammalizi. Desemba hii mkijua namba, mkachora ramani ya kutu na mkaizungusha injini kwa hendeli mmefanya kazi kubwa. Kuchomelea chasisi mpeni mtu anayejua, ila binti awepo na achague vipande vya kukatwa kwa kufuata chaki zake. Ikitembea, itembee shambani kwanza, leseni ni miaka 18 ana muda. Mfundishe kile kijiti cha njano, ukikikandamiza inavuta miguu yote minne kwenye gia za kawaida, na ule mkono mwekundu ukiuvuta nyuma unaingia gia nzito na miguu yote kwa pamoja. Hayo ni ya matope. Kwenye lami unairudisha kuvuta nyuma peke yake, maana gari hiyo haina difu ya katikati ya kuruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti, ukiikaza kwenye lami kavu inajipinda yenyewe kwa yenyewe mpaka kitu kivunjike.

Nitumie ile namba ya chasisi. Nina hamu kuliko wewe.

SWALI: Mzee mi ni mama, Iringa. Mume wangu na binti yetu wa miaka 14 wanakaa kwenye ligari lao la zamani kila Jumamosi kutwa nzima. Nafurahi wanaelewana maana kabla ya hapo walikuwa hata salamu ni shida. Ila naogopa, juzi nimemkuta mtoto yuko chini ya gari limeinuliwa na jeki peke yake na tofali. Nikisema naambiwa mama unaogopa kila kitu. Naogopa bure?
Mama wa Jumamosi

JIBU: Dada yangu huogopi bure, na huu ukurasa mpelekee mumeo usomwe kwa sauti.

Baba, jeki ni ya kuinulia, si ya kukalia chini yake. Ukishainua weka stendi za chuma mbili au magogo ya mti mgumu yaliyolala chini ya ekseli au chasisi, kisha litikise gari kwa nguvu kabla mtu hajaingia. Tofali la saruji ni baya kuliko kutoweka kitu kabisa maana linakudanganya, linabeba vizuri saa nzima alafu linapasuka kwa mara moja bila kukuaga. Magurudumu yanayobaki chini yafungiwe mawe pande zote mbili, hendibreki ya gari kuukuu usiihesabu.

La pili watu hawalijui. Lainingi za breki za zamani nyingi zilitengenezwa na asbesto, na ile vumbi nyeusi ndani ya dramu mafundi wanaipuliza kwa kompresa au kwa mdomo, inaingia mapafuni haitoki. Msipulize. Lowanisheni kwa maji, mfute kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa mkifunge kwenye mfuko mkitupe, na mvae barakoa nzuri, si ile ya kitambaa.

Kingine ni nywele na shanga na mitandio, injini ikiwaka feni haina mswalie mtume. Petroli isisafishie vipande ndani ya chumba, na kusiwe na jiko la mkaa karibu, najua mnachemsha chai hapohapo. Akichomelea mtu, mtoto asiangalie ule mwanga kwa miwani ya jua. Na mkiwasha gari kwa hendeli, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizungushiwe mpini, na uvute kwenda juu, usisukume kwenda chini. Injini ikirudisha teke, mkono wenye gumba lililozunguka unavunjika. Nimewaona wawili.

Hayo yakifuatwa, dada, waachie Jumamosi yao. Umesema mwenyewe walikuwa hawasalimiani.

SWALI: Fundi nina IIA ya 1966 niko Mwanza, tumemaliza waya na binti yangu vizuri kabisa taa zote zinawaka, tumefunga redio mpya tukaunganisha, moshi ukatoka ikafa hapohapo. Binti analia anasema ni kosa lake. Tumekosea wapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Mwambie asilie, hilo kosa ni la Waingereza. Gari za mwaka wako na za kabla yake chanya ndo imefungwa kwenye bodi, si hasi kama gari zote mnazozijua. Taa hazijali zinawaka tu huku na huku, ila redio ya kisasa inajali sana. Angalieni betri, ule waya mnene unaoenda kwenye bodi umetoka kwenye alama gani.

Mkitaka kugeuza inawezekana na ni somo zuri kwa binti. Betri mnaigeuza hasi iende kwenye bodi, waya mbili ndogo za koili mnazibadilishana, za ampmita (ile saa ya umeme) nazo vilevile, alafu dainamo lazima ifundishwe upya kabla ya kuwasha injini: toeni waya zake zote mbili, mchukue kipande cha waya kutoka chanya ya betri mguse ile ncha ndogo ya dainamo yenye herufi F mara mbili tatu, kugusa na kuachia tu, cheche ndogo itatoka, basi imejua upande mpya. Rudisheni waya. Redio ile iliyokufa mmpe binti aifungue, atoe na sumaku ya spika, nimeshaeleza huko juu ni ya nini.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nina miaka 16 naishi Morogoro. Baba anatengeneza Land Cruiser ya zamani ile FJ40 na anasema tunatengeneza wote ila ukweli mimi naleta chai, naosha nati na nashika tochi. Nikimwambia nataka kufungua kitu anasema utaharibu hiyo spea haipatikani. Sitaki kumkosea adabu lakini nimechoka. Nifanyeje?
Binti wa Tochi

JIBU: Marahaba mwanangu. Jina lako limenifanya nicheke na limenitoa jasho, soma barua ya kwanza utajua.

Baba yako ana hofu ya kweli, spea za gari hiyo si za kuokota. FJ40 ilianza 1960 ikaishia 1984, na tofauti na Land Rover bodi yake yote ni chuma, kwa hiyo nina uhakika nusu ya akili yake sasa hivi iko kwenye kutu. Usishindane naye. Jifunze kitu kimoja mpaka umpite, na nakuchagulia tepeti, kwa sababu hakuna cha kuvunjika na kila mtu anaziogopa. Injini yako ni silinda sita, valvu kumi na mbili. Kama ni ile injini inayoitwa 2F ya kuanzia 1975, valvu za kuingiza ni milimita 0.20 na za kutoa 0.35, zinapimwa injini ikiwa ya moto, na mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Uliza kwanza ni F au 2F, swali hilo tu litamfanya aweke kikombe chini.

Alafu chora kwenye daftari, valvu ipi ya nani, ukizungusha injini mpaka juu silinda ya kwanza zipi unaweza kupima na zipi usubiri mzunguko wa pili. Mchoro ukiwa tayari mpelekee pamoja na chai, usiseme unataka kufungua, sema baba naomba unikague kama nimeelewa. Mwanaume wa gari za zamani hawezi kuona mchoro wenye makosa akanyamaza, na kama hauna makosa ndo kabisa. Atakwambia lete fila geji. Ukiileta usimpe mkononi, inama ingiza mwenyewe kwenye tepeti ya kwanza, na ile tochi mkabidhi yeye.

Akikataa, niandikie tena, na safari hii uniandikie na namba yake ya simu.